Rilei ndogo, stima kubwa: Yajue haya kabla ya kuunganisha vifaa vya nyumbani

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Kisumu ni hili: "Hii rilei ndogo ya buluu inaweza kuwasha pampu ya maji ya nyumbani?" Wanaouliza si wajinga. Wengine wanasoma Kisumu National Polytechnic, wengine Maseno, na wengine wamejifundisha wenyewe kwa video za simu. Programu wameshaandika, simu inatuma amri, kijitaa kwenye ubao kinawaka na rilei inalia "ta!" Wanaona kilichobaki ni kuunganisha waya mbili tu za stima.

Waya hizo mbili ndizo zinazobadilisha kazi yote. Kabla yake, ukikosea unaunguza kijidude cha shilingi mia chache. Baada yake, kosa lile lile linaweza kumuua mtu au kuteketeza nyumba.

Mimi ni mtu wa Pwani mwenye stashahada ya umeme, na kazi ndiyo iliyonileta kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Nimeandika makala haya ili mtu ayaweke na kuyarejelea anapotaka kufunga mtambo wa kuwasha taa, pampu au feni kwa simu. Jibu langu kwa swali la vijana ni hili: rilei ni swichi, si ulinzi. Itawasha na kuzima kwa miaka, lakini siku itakapoharibika kuna uwezekano mkubwa iharibike ikiwa imewasha. Anayelielewa hilo tangu mwanzo hujenga mtambo wake kwa namna nyingine kabisa.

Rilei inafanyaje kazi

Ndani ya kile kidude cha buluu mna koili ya waya mwembamba. Ukiipitishia mkondo mdogo inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na vyuma viwili vinagusana. Vyuma hivyo nitaviita miguso. Koili iko upande wa volti 5, miguso iko upande wa volti 240, na kati yao hakuna waya unaowaunganisha. Uzuri wa rilei uko hapo: mkono mdogo unafunga mlango mkubwa bila kuugusa.

Ufundi huu si mgeni. Mmarekani Joseph Henry aliutumia katika miaka ya 1830, na simu ya maandishi ikaubeba ili ujumbe ufike mbali bila kufifia njiani. Hata jina lake la Kiingereza lilitokana na farasi wa kupokezana safarini. Kilichobadilika ni kwamba leo mtu yeyote anaweza kuununua dukani na kwenda nao nyumbani mfukoni, bila kuulizwa kama anajua stima.

Rilei nyingi zinazouzwa huku ni zile zilizoandikwa SRD-05VDC. Koili yake hutumia takriban miliampea 70. Pini ya ESP32 au ESP8266 haiwezi kutoa kiasi hicho, ndiyo maana rilei huuzwa ikiwa juu ya ubao mdogo wenye transista na diodi. Usiitoe kwenye ubao huo na kuiunganisha moja kwa moja na pini. Na ukumbuke kwamba vibao vingi vilitengenezwa kwa ishara ya volti 5, ilhali ESP32 hutoa volti 3.3. Vingine hukubali kuwaka lakini vinakataa kuzima sawasawa. Lijaribu hilo mezani, kabla stima ya nyumbani haijakaribia.

Upande wa stima una ncha tatu. COM ni ya pamoja. NO iko wazi rilei ikilala, na NC imefungwa rilei ikilala. Kwa karibu kila kifaa cha nyumbani, tumia COM na NO, ili volti 5 zikipotea kifaa kizime. NC ina mahali pake. Wafugaji wa vifaranga vya samaki huku ziwani wana mashine za kupulizia hewa kwenye matangi. Hao hutaka ubao ukifa hewa iendelee, kwa kuwa samaki hawangoji fundi. Kabla ya kuchagua ncha, jiulize: mtambo huu ukifa usiku watu wakiwa wamelala, nataka kifaa kiwe kimewaka au kimezima?

Ampea 10 zilizoandikwa si ampea 10 za kutumia

Juu ya rilei pameandikwa 10A 250VAC. Vijana wengi husoma hapo na kufunga mjadala. Lakini namba hiyo inahusu mzigo mtulivu, kama waya wa kupasha joto, katika hali nzuri, na kwa rilei ya kweli, si ya kuigiza. Isitoshe, njia za shaba kwenye ubao wa bei ndogo mara nyingi ni nyembamba kuliko zinavyopaswa kuwa. Mimi mwenyewe siivushi ampea 5 kwa mzigo mtulivu, wala ampea 2 kwa mota.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua wati za kifaa, ugawe kwa 240, upate ampea.

Balbu ya wati 9 haifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya ampea. Runinga ya wati 100 hutumia kama 0.4. Birika la wati 2,000 hutumia zaidi ya 8. Kifaa cha kupasha maji ya kuoga papo hapo, kile cha wati 5,500, hutumia takriban ampea 23. Hicho usikiguse kwa rilei ndogo kwa hali yoyote, hata kwa majaribio ya dakika moja.

Mota ina siri nyingine. Pampu ya nguvu farasi moja hutumia kama ampea 5 au 6 ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuanza huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Friji nayo ni mota. Inapozimwa, mota hurudisha msukumo unaotoa cheche kati ya miguso. Cheche moja si kitu. Mia chache huchimba chuma, na siku moja miguso huyeyuka na kushikana. Simu inasema pampu imezima, kijitaa kimezima, programu imeridhika, na pampu bado inazunguka.

Taa za LED nazo zisikudanganye. Moja haina tabu, ila kumi zikiwashwa kwa rilei moja huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo kabisa, na kitambo hicho kinatosha kuunguza miguso. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa pampu, tumia kontakta

Kisumu maji ya mfereji huja na kwenda kama yanavyofanya Mombasa, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi juu na pampu chini. Ndiyo maana mradi wa kwanza wa karibu kila kijana ni pampu inayojiwasha tangi likipungua. Ni mradi mzuri, na msikiti au shule yenye watu wengi wa kutumia maji huuhitaji zaidi kuliko nyumba ya mtu mmoja. Lakini ufungwe hivi.

Rilei ndogo isiiendeshe pampu. Iendeshe kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku iliyotengenezwa kwa mota, na kontakta ndiyo iendeshe pampu. Koili ya kontakta hutumia mkondo mdogo ambao rilei ya buluu inaubeba bila taabu. Nunua kontakta iliyoandikwa kiwango cha mota, AC-3, kinachozidi mkondo wa pampu yako. Pamoja nayo weka kinga ya mota iliyorekebishwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha pampu, ili ikikwama ikatwe kabla haijaungua. Sambamba na koili ya kontakta weka kizima cheche, yaani resista na kapasita maalumu kwa stima ya nyumbani, ili miguso ya rilei idumu.

Kisha weka boya la kawaida ndani ya tangi, lile la kukata waya lenyewe bila programu yoyote. Kifaa cha kupima maji kwa mawimbi ni kizuri kwa kuonyesha picha kwenye simu, lakini boya halina intaneti wala halisahau. Chini kwenye kisima au tangi la ardhini weka boya la pili, pampu isizunguke bila maji. Katika programu weka kikomo cha muda: kama tangi hujaa kwa dakika 40, pampu ikifika dakika 60 izime na itume ujumbe. Na ukutani, mahali ambapo kila aliye nyumbani anapafahamu, iwepo swichi ya mkono inayokata kila kitu. Bibi aliyebaki nyumbani na wajukuu asilazimike kutafuta simu yako ili kuzima pampu inayotoa moshi.

Mpaka wa milimita chache

Mtu akiniletea ubao wake kwanza huutazama kwa chini. Hapo ndipo upande wa volti 5, unaoshikwa kwa vidole, unapokaribiana na upande wa volti 240. Nataka kuona angalau milimita 6 za ubao mtupu kati ya pande hizo mbili, na vizuri zaidi kama kuna mwanya uliokatwa kabisa katikati. Vibao vingine nilivyoletewa vina milimita mbili tu, na matone ya risasi ya kulehemu yamevuka katikati. Hivyo hutupwa.

Kwa nini niwe mkali hivyo? Breka ya kulinda watu, ile ya RCD, hukata stima inapoona miliampea 30 zimepotea njia, kwa sababu mkondo zaidi ya huo ukipita kifuani unaweza kusimamisha moyo. Koili ya rilei peke yake hutumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Tunacheza na mikondo ambayo kwa mashine ni midogo, lakini kwa mwili wa mtu ni mikubwa.

Mpaka huo huvunjwa na mambo matatu zaidi. La kwanza ni chaja. Ubao unapata volti 5 kutoka kwa chaja, na chaja nayo imeunganishwa na 240. Chaja bandia ikipasuka ndani, volti 240 huingia kwenye ubao, kwenye kebo, na kwenye kompyuta uliyoichomeka. Tumia chaja ya kuaminika, hata kama ni ghali kuliko ubao wenyewe. La pili ni waya wa volti 5 uliofungwa pamoja na waya wa stima ndani ya bomba moja. Kila mmoja upite njia yake. La tatu ni kipande kidogo kwenye kibao cha rilei kinachounganisha VCC na JD-VCC. Kikiachwa mahali pake, ile optokapla iliyosifiwa dukani haitenganishi chochote. Upande wa koili na upande wa ubao vinakula kutoka chungu kimoja. Ukitaka utengano kamili, kitoe na uilishe koili kwa chaja yake.

Kata laivu, usikate nyutro

Rilei iwekwe kwenye laivu. Ukiiweka kwenye nyutro, balbu itazima vizuri na utadhani umefaulu, lakini laivu bado imefika kwenye balbu. Anayepanda ngazi kuibadilisha atanaswa na taa iliyozimwa.

Usiamini rangi. Nyumba zetu nyingi zina waya nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, kwa utaratibu wa zamani wa Uingereza, na kebo za vifaa huja na kahawia na samawati. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu na mafundi watatu huwa na mchanganyiko. Katika nyumba za kupangisha za Manyatta, Nyalenda au Kondele, waya wa jirani unaweza kupita ndani ya ukuta wako. Kwa hiyo pima kila waya, na upime tena.

Jambo jingine linalowakwaza wengi: nyuma ya swichi ya taa ukutani mara nyingi hamna nyutro. Mna laivu inayokuja na laivu inayokwenda kwenye balbu. Rilei ya simu inahitaji nyutro ili iishi. Usiazime nyutro ya soketi iliyo karibu, wala usitumie athi kama nyutro. Huko ni kuupa mwili wa friji na bomba la maji mkondo usio wao. Fungua kwenye dari mahali nyutro ilipo, au nunua swichi iliyotengenezwa kwa ukuta usio na nyutro.

Fyuzi yako mwenyewe

Breka ya soketi kwenye kisanduku cha nyumba huenda ni ya ampea 32. Ipo kulinda waya wa ukutani. Rilei yako ya ampea 10 inaweza kuyeyuka, ubao ukawaka moto, na breka hiyo isione lolote la kuihangaisha. Kwa hiyo kila mradi uwe na fyuzi yake, ndogo kuliko uwezo wa rilei. Plagi zetu za pini tatu zina nafasi ya fyuzi ndani, lakini watu huacha ile ya ampea 13 iliyokuja nayo. Kwa taa na feni, weka ya ampea 3. Waya nao ulingane: milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi.

Kisha fungua kisanduku cha nyumba uangalie kama RCD ipo. Nyumba nyingi nilizofungua hazina. Kama ipo, ibonyeze kile kitufe cha majaribio, isipokata, ibadilishwe. Na kama athi ya nyumba ilikatika zamani, rekebisha hiyo kwanza. Taa za kuwashwa kwa simu zinaweza kungoja.

Unyevu, wadudu na ziwa lenyewe

Vitabu vya kigeni havitakuambia kuhusu wale vijidudu wa ziwani wanaotoka kama moshi juu ya maji na kufuata mwanga. Anayeishi Dunga au Milimani anajua jinsi wanavyorundikana chini ya taa asubuhi. Kisanduku chenye kijitaa kinachomulika na tundu lisilozibwa huwaalika ndani, na rundo la wadudu waliokufa likipata unyevu wa usiku huwa daraja juu ya zile milimita 6. Sisimizi nao hupenda joto la rilei, na mjusi wa ukutani hapendi kuulizwa ruhusa.

Tumia kisanduku cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa skrubu. Kikiwa nje, kiwe cha kiwango cha IP65, waya ziingilie chini kupitia viziba vyake vya mpira, kila moja ikiwa imebanwa ili isivutike. Ndani, weka ukuta kati ya upande wa stima na upande wa volti 5. Mikebe ya aiskrimu na maboksi ya simu ni ya kazi nyingine. Kwa ndugu zangu wa Pwani, badala ya vijidudu mna chumvi ya hewa, ambayo hula miguso na skrubu. Ushauri ni ule ule.

Kiweke juu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, na maji yakaingia kwenye nyumba na hoteli za ufuoni, Dunga ikiwemo. Kisanduku kilichofungwa kwenye kimo cha goti hakina nafasi katika nyumba kama hizo.

Kisha radi. Bonde la ziwa hili ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Weka kinga ya msukumo kwenye kisanduku cha nyumba na varista kwenye mradi wako, baada ya fyuzi. Hata hivyo, radi ikianza kupiga karibu, kuchomoa plagi kunashinda vyote hivyo.

Stima inapopotea na kurudi

Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa stima kwa saa nyingi, na kabla ya mwaka kwisha yakatokea tena. Huku magharibi hata bila mkasa wa kitaifa, stima hucheza. Jiulize mtambo wako hufanya nini inaporudi.

Vibao vingi vya rilei huwaka vinapopata ishara ya chini. Ubao unapoamka, kwa sekunde moja au mbili pini zake hazijaamua la kufanya, na rilei huruka: pampu inashtuka, inazima, inashtuka tena. Chagua pini zisizotikisika wakati wa kuamka, na programu ianze kwa kuzima kila kitu kabla ya kutafuta intaneti. Usiiamuru irudi katika hali iliyokuwa nayo kabla ya stima kupotea. Kwa friji na pampu, weka subira ya dakika tano kabla ya kuwasha, kwa kuwa stima inayorudi huja ikipanda na kushuka.

Lijaribu hili kwa balbu badala ya pampu. Zima na uwashe stima mara kumi. Balbu ikimulika hata mara moja bila amri, mradi haujawa tayari.

Na kanuni moja isiyo na mjadala: usiwashe joto usiloliona. Pasi, jiko na koili ya kuchemshia maji havifai kuwashwa na mtu aliye safarini, kwa sababu hajui nani ameweka nguo juu yake. Taa ya kulea vifaranga vya kuku inayozimwa na rilei ya kipimajoto iwe pia na fyuzi ya joto, ili miguso ikishikana banda lisiteketee.

Rilei zisizo na miguso, na swichi za dukani

Wapo watakaokuambia ununue rilei ya kielektroniki, SSR, isiyo na kitu kinachotembea. Hailii, haitoi cheche. Lakini huvujisha mkondo kidogo hata ikiwa imezima, huchemka kiasi cha wati moja au zaidi kwa kila ampea na kuhitaji bamba la kupozea, na ikifa kwa kawaida hufa ikiwa imewasha. Ina mahali pake. Haiondoi haja ya swichi ya mkono.

Swichi za tayari kama Sonoff zinafaa nyumba nyingi kuliko ubao wa kujitengenezea, kwa sababu zina kisanduku na zimebana waya. Ila ubao ulio ndani umeungana moja kwa moja na stima. Usichomeke kamwe waya wa kompyuta kwenye ubao huo ukiwa kwenye plagi. Na ampea 10 zake ni zile zile nilizozieleza.

Nani afanye kazi ipi

Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi ya kufunga stima ifanywe na mwenye idhini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kijana asiione sheria hii kama ukuta. Igawe kazi: wewe andika programu, tengeneza upande wa volti 5, ujaribu kwa kijitaa mezani, fundi mwenye cheti afunge kontakta, breka na waya za ukutani, kisha mpime pamoja. Muulize akuonyeshe cheti. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Siku ya kuunganisha, fuateni mpangilio huu:

1. Zima breka ya sehemu hiyo, uibandike karatasi "usiwashe", na umwambie kila aliye nyumbani. Kuzima kwa simu hakuhesabiki.
2. Jaribu kipimo chako kwenye soketi yenye stima, pima waya unaotaka kuugusa, kisha urudi kwenye soketi ile uone kama kipimo bado ni kizima. Testa ya kalamu peke yake haitoshi.
3. Kaza kila skrubu, vuta kila waya kwa mkono. Waya uliolegea huchemka.
4. Funga kisanduku kabla ya kuwasha, si baada.
5. Anza na balbu. Kisha weka mzigo wenyewe, ukae nao nusu saa. Zima kwenye breka, fungua, gusa: kikiwa cha moto usichoweza kushika, mzigo umezidi.
6. Rudia ukaguzi kila miezi mitatu. Rilei inayolia tofauti, inayonuka, au iliyobadilika rangi, itolewe siku hiyo hiyo.

Na mtu akinaswa, usimshike. Kata stima kwenye breka kuu. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu au plastiki, ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, mlaze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga 999 au 112. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwani moyo unaweza kuyumba baadaye.

Sijaandika haya kuwazuia vijana. Mji wenye radi, tangi na stima ya kuja na kwenda ni mji unaohitaji mitambo ya namna hii kuliko miji mingi. Nataka tu kila nyumba iwe na kitu kimoja kisichotegemea simu, programu wala rilei: swichi ukutani, kwenye kimo ambacho mtu mzima yeyote anakifikia gizani, na inayokata kweli. Ukiwa na rilei nne na huna swichi hiyo, acha kununua ya tano. Nunua swichi.